Injini ya Townace Ndani ya DX ya Sista Rispa

Sista Rispa Aloo alipostaafu unesi alirudi kwao Kisegi na kitanda, kabati la nguo, na gari. Gari lenyewe ni Toyota DX nyeupe, ile ya mkia mrefu, iliyoundwa kabla mimi sijazaliwa. Alilinunua Awendo kwa mwalimu aliyekuwa akihamia Nakuru, na kwa sababu hiyo watu wetu wakalibandika jina la Nyar Awendo, yaani binti wa Awendo. Tulidhani atalipumzisha kama yeye mwenyewe alivyostahili kupumzika. Miezi miwili haikuisha, akaanza kazi ambayo hakuna mtu aliyemwajiri.

Kila Alhamisi asubuhi alipita Kisegi na Magunga akiokota akina mama wenye watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, akatupeleka kliniki Homa Bay. Matibabu yake si magumu, ila yanataka uvumilivu. Mguu unanyooshwa kidogo, unafungwa plasta kuanzia vidole hadi pajani. Wiki ijayo plasta inatolewa, mguu unanyooshwa tena kidogo, unafungwa nyingine. Hivyo hivyo kwa wiki tano au sita, kisha viatu maalumu. Ukiruka wiki, mguu unaanza kurudi ulikotoka.

DX ilifaa kazi hiyo kuliko gari lolote nililoliona. Kiti cha nyuma kinalala, na Sista alitandika godoro hapo, watoto wakalala miguu ikiwa imenyooka, sisi tukakaa pembeni tukiwashika. Hakutuomba chochote. Anayeweza alileta omena, wale dagaa wa ziwani, au ndizi, asiyeweza alileta salamu.

Najua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Bravin wangu alizaliwa na miguu yote miwili imepinda, na kuna watu waliokuja kumtazama wakaondoka bila kusema neno, jambo ambalo liliniumiza kuliko maneno. Sista Rispa alikuja siku ya nne. Alimshika mtoto miguu kama mtu anayepima uzito wa samaki, akacheka. "Min Bravin," akaniita, yaani mama Bravin, "huyu atakusumbua kwa kukimbia. Alhamisi saa kumi na moja na nusu uwe barabarani."

Tulikuwa kwenye plasta ya tatu gari lilipokufa. Tulikuwa tunarudi nyumbani, akina mama watatu na watoto watatu, tukipanda mlima kabla ya Magunga. Kwanza kulikuwa na mlio, kana kwamba mtu yuko ndani ya boneti anagonga sufuria kwa nyundo. Halafu moshi. Sista alizima injini, akavuta breki ya mkono, akaketi na mikono yake juu ya usukani.

"Imeenda," akasema, kwa sauti ile ile ambayo manesi hutumia wodini.

Kisha akageuka nyuma. "Hakuna kulia. Angalieni plasta zisilowane. Tunatafuta gari la kutufikisha."

Gari lilivutwa hadi Awendo, kwa fundi Omwenga, ambaye hutengeneza matrekta ya miwa na ndiye aliyekuwa akiiangalia DX miaka yote. Alhamisi iliyofuata ikanikuta sina usafiri. Nilipanda bodaboda, Bravin mbele yangu, miguu nimeifunga kwa mifuko ya plastiki. Mvua ikatukuta njiani. Tulipofika Homa Bay plasta ya kushoto ilikuwa laini kama ugali, na mguu ulikuwa umeanza kujipinda humo ndani. Bwana anayefunga plasta pale kliniki hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba tumerudi nyuma wiki moja.

Nilipomsimulia Sista jioni ile, aliinuka. Alikwenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Jumamosi akapanda gari kwenda Awendo, akaniomba nimsindikize, na kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia Bravin, nikambeba mgongoni na plasta zake.

Omwenga alikuwa amekwisha kuifungua injini, vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia. Ni mwanamume mpole, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alituonyesha kitundu kilichotobolewa ubavuni na mkono wa pistoni ulipokatika.

"Mama, hii silinda zake nimezichonga mara mbili tayari," akasema. "Hata kama isingetoboka, kuta zake zimebaki nyembamba. Na spea zake siku hizi natafuta kama mtu anayetafuta sindano. Nikikuambia naijenga upya, nitakula pesa yako na mwakani utarudi hapa."

"Basi niambie cha kufanya, fundi."

"Tuweke injini nyingine. Ya kisasa. Bodi yako ni nzima, haina kutu ya maana. Ukinunua gari jingine, hata Probox kuukuu, utalipa mara tatu au nne ya gharama hiyo."

Sista alikuwa na laki mbili, akiba aliyoiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba upya. Zaidi ya hapo hakuwa nazo, na alimwambia hivyo waziwazi, kazi na injini zote humo humo.

Hapo Levis akaingilia. Levis ni ndugu mdogo wa Sista, dereva wa lori la Canter linalobeba samaki na barafu, na alikuwa amepitia Awendo makusudi. Alikuwa amepata dalali huko Homa Bay mwenye injini ya Mark II, silinda sita. "Dada, hiyo ukikanyaga inaruka! Mlima wa Gwassi utaupanda ukiwa gia ya nne. Na jamaa anaitoa bei ya kutupa, injini peke yake, unabeba leo."

"Peke yake vipi?" Omwenga akauliza.

"Injini. Si ndiyo mnayotaka?"

Omwenga hakubishana. Alichukua futi, akanipa mimi ncha moja nishike kwenye redieta, naye akavuta hadi kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Akatuonyesha kwamba ile ya silinda sita ni ndefu, redieta itabidi itoke nje ya grili. Halafu ni nzito, na breki za DX zilitengenezwa kusimamisha gari jepesi. Na inakunywa petroli. "Mama anabeba watoto wagonjwa," akamwambia Levis. "Habebi miraa ya kukimbizwa sokoni."

Levis alinuna. Sista akaandika vipimo vyote kwenye daftari lake la kliniki, na Omwenga akatutuma Migori kwa mfanyabiashara aliyemwamini.

Duka la Mohamednur liko nyuma ya barabara kuu, uani kumejaa injini zilizofunikwa turubai. Alitoka Garissa akiwa kijana, na Kidholuo anakiongea kushinda watoto wetu wanaosomea mjini. "Amosou," akatusalimu, akatuletea viti. Mkewe Kultum, anayekaa kaunta na vitabu vya risiti, aliona miguu ya Bravin akaja moja kwa moja kumchukua. "Hizi plasta ni za nini?" akaniuliza, na nilipomweleza akaita, "Mohamednur, njoo usikie," kana kwamba nimemletea habari njema kutoka kwao.

Sista alikuwa ameambiwa na mtu njiani kwamba injini ya Probox ndiyo rahisi kuliko zote, na aliiomba hiyo. Mohamednur angeweza kumuuzia, alikuwa nazo sita. Alimuuliza kwanza, "Mama, gari lako linasukumwa na magurudumu ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma."

"Basi hii sikuuzii." Akatuonyesha kwa kiganja. Injini ya Probox hukaa kwa upana na kuzungusha magurudumu ya mbele. Ya DX lazima ikae kwa urefu, giaboksi nyuma yake, na shafti iende hadi nyuma. "Utapata injini rahisi, halafu utatafuta giaboksi ya kuifaa mpaka uchoke, na pesa ya kuunganisha itazidi ya injini. Nimeona watu wakiacha gari kwa fundi mwaka mzima."

Alitupeleka pembeni ya ua, akafunua turubai. Hapo palikuwa na mbele ya Townace, ile pikapu ndogo, imekatwa nzima kutoka kwenye milango: injini, giaboksi, redieta, nyaya, dashibodi, hata pedali. Watu wa biashara hiyo huiita nosikati.

"Hii ni elfu moja mia tano," akasema, akimaanisha ukubwa wa injini. "Inakaa kwa urefu, inasukuma nyuma, na giaboksi ni yake. Ile yako ya zamani ilikuwa elfu moja mia tatu, lakini usidhani tofauti ni kidogo. Hii ina nguvu karibu mara moja na nusu, na itakunywa kidogo kuliko ile. Haina kabureta. Inaendeshwa na kompyuta."

Sista Rispa hakuridhika kwa maneno. Miaka thelathini na minne alisoma dalili za watu waliomwambia wako salama. Akaomba kifuniko cha oili kifunguliwe, akaingiza kidole na kukitazama kwenye mwanga. Akaomba plagi zitolewe, akazipanga kwenye leso yake na kuzilinganisha rangi. Mohamednur alianza kutabasamu. Alileta kifaa cha kupimia mgandamizo, silinda zote nne zikaja karibu sawa. Mwishowe akaweka betri chini, akaunganisha, akawasha. Injini ilinguruma pale chini ikiwa na pua tu ya gari, na Bravin mikononi mwa Kultum akafumbua macho makubwa.

"Sikiliza nikuambie, mama," Mohamednur akasema alipoizima. "Mtu akikuuzia injini ya kisasa bila kompyuta yake, nyaya zake na pedali yake, amekuuzia vyuma chakavu vya kupimwa kwa kilo. Chukua kila kitu. Hata usichokijua kazi yake, chukua."

Alimpunguzia bei bila kuombwa mara ya pili, na akaongeza pampu ya petroli. Sista alilipa, akapewa risiti yenye namba ya injini na karatasi za forodha, na vitu vikapakiwa kwenye gari la kwenda Awendo. Wakati wa kuondoka alichomoa ufunguo uliokuwa umening'inia kwenye swichi ya ile nosikati, akamrudishia Kultum kaunta. "Huu si wangu," akasema. "Ufunguo wa gari langu ninao." Hakuna aliyemzuia. Mohamednur alikuwa msikitini kwa swala ya adhuhuri, na Kultum aliuweka kwenye droo.

Kazi ya Omwenga ilichukua karibu mwezi. Wiki hizo Levis, aliyekuwa amenuna, alitushangaza. Alhamisi ya kwanza alisimamisha Canter yake nje kwangu gizani, akafungua mlango, akasema, "Panda, Min Bravin, samaki watangoja." Alituchukua watatu kwenye kibini, tumebanana, tukinuka barafu na samaki aina ya mbuta, lakini plasta zikafika kavu. Alifanya hivyo Alhamisi nne. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo.

Huko Awendo, Omwenga alikata mabano ya zamani na kuchomelea mapya. Bakuli la oili liligonga chuma cha chini, akalipunguza na kulifunga upya. Shafti ikapelekwa kurefushwa na kusawazishwa. Breki za mbele alizibadilisha kwa nyingine kubwa kidogo, kwa sababu, alisema, gari likiongezewa mbio bila kuongezewa breki ni jeneza. Nyaya alizipanga moja moja, akizifunga karatasi ndogo zenye majina kwa mwandiko wa mtoto wa shule.

Jumatatu moja akapiga simu. Injini iko ndani. Njooni tuwashe.

Sista alivaa gauni lake la kanisani, nami nikambeba Bravin tukaenda. Omwenga akageuza ufunguo. Injini ikashika, ikanguruma kwa muda wa kuvuta pumzi moja, ikafa. Akarudia. Ikashika, ikafa. Mara kumi, mara kumi na tano, vile vile.

Siku ile na ya pili Omwenga hakula mchana. Alibadilisha chujio la petroli. Alifungua tangi akaliosha, na kweli likatoa kutu kikombe kizima, lakini injini ikaendelea kufa. Alizifungua nyaya zote alizozifunga, akazifunga tena. Jumanne jioni, tuliporudi kumtazama, alikaa kwenye tairi kuukuu, akamwambia Sista, "Mama, labda mimi ni fundi wa matrekta tu. Nitakurudishia pesa ya kazi."

Sista alikaa kwenye tairi lililokuwa mbele yake. "Hakuna anayerudisha kitu hapa," akamwambia. "Mgonjwa anayepumua mara moja bado yuko hai. Tumuulize aliyemjua kabla yetu."

Wakampigia Mohamednur. Omwenga akaeleza, simu ikiwa kwenye spika. Upande wa pili tukasikia swali moja: "Mnatumia ufunguo gani?"

"Wa DX," Omwenga akajibu. "Nimeunganisha swichi ya zamani."

"Ule wa Townace uko wapi?"

Sista Rispa alifunika mdomo kwa mkono. Ndani ya kichwa cha ule ufunguo, Mohamednur akaeleza, kuna kipande kidogo ambacho kompyuta hukitambua. Isipokiona, inaikatia injini petroli, ikidhani ni mwizi. Omwenga aliinamisha kichwa. Alijua habari za funguo hizo, alisema, lakini hakuna trekta la miwa lililowahi kumwomba kitambulisho.

Tulisikia Kultum kwa mbali akifungua droo. "Upo! Upo hapa!"

Tulidhani angeutuma kwa gari lolote la abiria. Saa moja baadaye, jua likiwa bado halijazama, Mohamednur mwenyewe aliingia uani kwa Omwenga, Kultum kando yake, ufunguo umefungwa ndani ya bahasha. "Kitu kidogo hivi kikipotea njiani, mama atakosa gari tena Alhamisi," akasema. "Na huyu mke wangu anataka kujua habari za miguu ya mtoto."

Omwenga alichukua ufunguo kwa mikono miwili. Akaufunga karibu na swichi, akageuza ule wa DX. Injini ikashika. Tukangoja. Ikaendelea. Ilikuwa inanguruma kwa utulivu kiasi kwamba Sista aliweka kiganja juu ya boneti ili ahakikishe. Omwenga alikwenda nyuma ya karakana, akakaa huko kidogo, akarudi macho mekundu akisema ni moshi. Moshi haukuwapo.

"Ero kamano," Sista akawashukuru, mmoja mmoja, akiwashika mikono. "Ero kamano ahinya." Alipofika kwa Mohamednur akaanza kuuliza gharama ya safari. Akakatishwa.

"Mama, kila siku nauza injini, na sijui zinakwenda wapi. Hii najua."

Alhamisi hiyo, kabla hajabeba mtu yeyote, Sista alipeleka gari kukaguliwa Homa Bay, akawasilisha risiti na karatasi ili namba mpya ya injini iingie kwenye logibuku, hati ya gari. Mkaguzi aliinama chini ya gari muda mrefu. Aliponyanyuka aliuliza ni nani aliyechomelea yale mabano, akaandika jina la Omwenga na namba yake ya simu kwa ajili ya gari la shemeji yake.

Sisi tulianza kusafiri nalo tena wiki iliyofuata. Bravin alikuwa kwenye plasta yake ya mwisho. Tulipofika kwenye ule mlima wa Magunga wakati wa kurudi, nilijikuta nimeshika mlango kwa nguvu, na mama aliyekuwa karibu nami vile vile. Sista alibadilisha gia mara moja. Gari likapanda. Tulipofika juu mmoja wetu akaanza wimbo wa shukrani, wa kanisani, na tukaushika wote, hata Sista, ambaye haimbi vizuri.

Ni mwaka wa pili sasa. Paa la nyumba yake bado ni lile la zamani, na mvua ikinyesha huweka beseni mbili sebuleni. Nilipomwambia kwamba tunajisikia vibaya kwa ajili ya paa hilo, alinitazama kama mtu asiyenielewa. "Nilikuwa na pesa ya kitu kimoja," akasema. "Mungu akanipa Omwenga, akanipa Mohamednur, na yule ndugu yangu mwenye mdomo. Kama ningeezeka nyumba ningewajuaje?"

Kwa kuwa gari linakunywa petroli kidogo kuliko zamani, ameongeza siku. Jumanne anakwenda upande wa Nyandiwa, ambako kuna watoto wanne. Kultum humpigia simu kila mwezi, na mwezi uliopita alimtumia mama mmoja kutoka Migori, mfanyabiashara wa nguo aitwaye Hibo, ambaye binti yake alikuwa na tatizo lile lile na alikuwa ameambiwa halitibiki. Alikuja Kisegi akiwa hajui mtu, akalala kwa Sista usiku wa Jumatano, na asubuhi akaingia kwenye DX pamoja na akina mama wengine. Alikaa pale pale nilipokuwa nikikaa mimi. Nilikuwa nimekuja tu kuwaaga, na Bravin alikuwa pembeni ya barabara akimfukuza kuku wa jirani, akikimbia, viatu vyake vikiwa mikononi mwangu.